Chupa Zilizoandikwa Nane

Kazi yangu ni kupika. Nalisema mapema kwa sababu wageni wanaotembelea maabara yetu pale Buhongwa huwa na adabu zote mbele ya waliovaa makoti meupe, wakifika kwangu wananiuliza choo kiko wapi. Mimi ndiye ninayepika chakula cha miche. Napima chumvichumvi na vitamini, natia sukari, natia unga wa mwani wa kuugandisha mchuzi, naongeza homoni kwa matone, kisha namimina kwenye chupa na kuzipika kwa mvuke ndani ya sufuria kubwa ya presha mpaka kusibaki kijidudu hai. Jina langu ni Rebeka, wenzangu huniita Mama Ngosha, nimezaliwa Igogo, na mdomo wangu hauna breki. Hakuna mtu pale kazini ambaye sijamfokea. Lakini ninayetaka kumweleza hapa ni Prudencia, aliyekuwa mkataji wetu, kwa kuwa mengi yanayosemwa juu yake ni ya uongo, na nimechoka kuyasikia.

Prudencia alizaliwa Muleba, upande wa pili wa ziwa, kwenye familia ya Kilutheri ya wakulima wa ndizi na kahawa. Alikuja Mwanza baada ya chuo cha kilimo, akaajiriwa kwetu wakati jengo bado linanuka rangi, na kwa miaka kumi na minne alikaa kwenye kiti kilekile mbele ya kabati la hewa safi. Aliishi peke yake Kiseke, chumba na sebule, hakuolewa, na kila likizo alipanda meli kwenda kwa mama yake. Alikuwa mpole hadi anakera. Nikimchokoza kuhusu maringo ya Wahaya anatabasamu, ananiuliza kama asubuhi nimekula michembe, vile viazi vikavu vyetu Wasukuma, ya kutosha, basi, anarudi kwenye kisu chake.

Watu wakisikia migomba ya chupa hudhani tunachanganya madawa mpaka mmea utokee. Si hivyo. Unachukua chipukizi la mgomba, lile linaloota pembeni ya mama yake, unalimenya ganda baada ya ganda mpaka gogo la kubeba kwa mikono miwili libaki kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Unakiosha kwa sabuni, unakilowesha kwenye jiki, unakipitisha kwenye spiriti, kisha unakiingiza kwenye kabati ambamo hewa inayopuliza imechujwa vumbi lote. Humo, kwa kisu chembamba kilichopitishwa motoni, unaendelea kumenya mpaka uifikie ncha yenyewe inayokua, kitu cheupe cha ukubwa wa harage. Mgomba mzima umo humo. Ukikata kidogo mno ncha inakufa, ukiiacha nene mno inaingia chupani na uchafu wake. Prudencia alikata ncha hizo huku amebana pumzi, na katika chupa mia alizofunga yeye, zilizoingia ukungu hazikuzidi tatu. Wakataji wengine wakipoteza ishirini tulikuwa tunashukuru.

Ile ncha ikikaa kwenye chakula changu inageuka kijani, inanenepa, na homoni ya kuchipua inaifanya izae pembeni. Baada ya wiki nne unakitoa kile kishada, unakitenganisha, na vichipukizi vyake unavipa chupa mpya na chakula kipya. Hiyo tunaiita kuhamisha. Ukihamisha mara ya kwanza unaandika moja juu ya chupa, mara ya pili mbili, pamoja na tarehe na herufi za jina lako. Vikitosha unavitia kwenye chakula chenye homoni ya mizizi, na vikishapata mizizi vinakwenda kwenye banda la nailoni kuzoea jua na upepo, kwa sababu mche uliolelewa chupani ukitolewa nje ghafla unakauka siku hiyohiyo. Na vyote, viwe mia au elfu, ni lile chipukizi la kwanza. Ni nakala zake.

Lakini kuhamisha kuna mwisho, na kwetu mwisho ni nane. Bwana Machibya, mkuu wetu wa maabara, ameiandika ukutani kwa wino mwekundu. Mmea unaokatwakatwa na kulishwa homoni mwezi baada ya mwezi huweza kubadilika ndani kwa ndani. Mwingine unatoka na majani yenye mabaka, mwingine unadumaa, na mwingine unaonekana mzima kabisa mpaka siku ya kuzaa. Na kwa kuwa hizi ni nakala, badiliko likishaingia kwenye kichipukizi kimoja, watoto wake wote watakuwa nalo. Kwa hiyo ikifika nane unatupa, unatafuta chipukizi jipya shambani, unaanza moja. Prudencia mwenyewe ndiye aliyewafundisha hayo wanafunzi wa fildi, kila mwaka, mpaka mimi mpishi nikayajua kwa moyo.

Sasa nije kwa mama yake. Bi Josepha alikuwa na kibanja, yaani nyumba na migomba inayoizunguka, na katikati ya migomba hiyo wamelala mumewe, wakwe zake na watoto wake wawili waliokufa wadogo. Ndizi yake haikuwa na jina la kitabuni. Alikuja nayo alipoolewa, chipukizi moja kutoka kwa mama yake, na majirani waliiita tu ndizi ya kwa Josepha. Nimewahi kuila. Prudencia alituletea ofisini imepikwa na maharage, imeiva ikawa ya njano kama kiini cha yai, laini, na mimi niliyelelewa kwa ugali niliramba sahani mbele ya Bwana Machibya bila aibu. Krismasi moja alirudi na chipukizi la ndizi hiyo kwenye mfuko wa sandarusi. Bwana Machibya akamruhusu aiweke kwenye kona ya rafu ya chini, kwa sharti kwamba kazi ya maabara isilale.

Miezi sita baadaye mnyauko ukaingia kijijini kwao. Prudencia alikwenda, akakuta majani ya migomba ya mama yake yamekuwa ya njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, na ukikata shina linatoa uteute wa njano. Ugonjwa huo hautibiki, na panga lililokata mgomba mgonjwa linaupeleka kwa mzima. Bwana shamba wa kata akaamuru kila kitu king'olewe na kufukiwa. Vijana waling'oa siku nne. Bi Josepha aliingia ndani akafunga dirisha, na alipotoka aliona kutoka mlangoni kwake hadi barabarani, kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu aolewe. Ardhi ilitakiwa ipumzike kabla ya kupandwa ndizi tena, na nyasi zikaota juu ya makaburi.

Mwaka ulipokuwa unaisha, mama mwenyewe akaanza kuumwa tumbo. Kaka yake Prudencia, Muganyizi, alimpeleka hospitali, na daktari akamwita kando akamwambia ni saratani, imeshasambaa, ahesabu mwaka, ukizidi ni bahati. Hawakumwambia mgonjwa, lakini alijua. Prudencia alipofika alimshika mkono akamwambia neno moja tu, na Prudencia akanisimulia akiwa ameketi kwenye ndoo jikoni kwangu. Mama alisema, "Usikubali wanizike rweya."

Rweya ni uwanda wa nyasi nje ya vijiji vyao, mahali pa kuchungia ng'ombe, ambapo si kwa mtu yeyote. Mhaya wa umri ule akizikwa nje ya migomba ni sawa na kumwambia hakuwa na kwao. Na sasa kibanja chenyewe kilikuwa kimegeuka rweya. Nilimuuliza Prudencia, kwani migomba mingine si ipo, si akanunue miche ya aina nyingine apande. Alinitazama kama vile nimemwambia akanunue mama mwingine.

Tena hakuhitaji kununua. Kwenye kona ya rafu ya chini alikuwa na chupa sitini za ndizi ya kwa Josepha, namba nane, zikisubiri tu kutiwa kwenye chakula cha mizizi. Alikuwa amepiga hesabu vizuri: mizizi, banda la nailoni, meli, mvua. Mama angeona migomba yake imesimama. Siku hizo Prudencia aliimba akiwa kazini, na sauti yake si nzuri.

Februari umeme ukakatika siku tatu, na jenereta yetu, ambayo nilikuwa nimeipigia kelele tangu mwaka uliopita, ikagoma siku ya kwanza. Chumba cha chupa kikawa tanuri. Unyevu ukalowesha vifuniko, ukungu ukaingia, na umeme uliporudi tulikuta rafu nzima zimevaa pamba nyeupe na nyeusi. Tulitupa chupa elfu mbili na zaidi. Katika zile sitini, Prudencia aliinua moja moja kwenye mwanga, akiziweka upande wa kushoto, zote upande wa kushoto, mpaka ilipobaki moja. Ndani yake mlikuwa na vichipukizi viwili.

Bwana Machibya si mtu mbaya. Alimwambia ukweli ambao Prudencia mwenyewe aliujua: viwili hivi bado ni vya namba nane, bado ni vya kweli, avitie mizizi, avipande, vitazaa machipukizi shambani kama migomba yote, na baada ya miaka minne au mitano kibanja kitajaa. Prudencia akaitikia. Akasema asante. Alirudi kwenye kiti chake akakaa nayo ile chupa mkononi mpaka wenzake walipoondoka. Migomba miwili mbele ya nyumba haimfichi mtu kwenye nyasi, na miaka minne mama yake hakuwa nayo.

Siku iliyofuata alikuja jikoni kwangu.

"Mama Ngosha, nipikie chakula changu peke yake," akasema. "Ile homoni ya kuchipua, niongezee."

"Kiasi gani?"

"Mara mbili."

Nilimtazama. Hakuna mtu pale kazini aliyewahi kuniomba niharibu kipimo akatoka jikoni salama. Nilimfikiria yule mama na nyasi zake. Mama yangu mimi alizikwa nikiwa safarini, nikakuta udongo umeshakauka, na tangu siku hiyo mtu anayemhangaikia mama yake siwezi kumzuia. Nikaongeza mara mbili. Nikajiambia ni mara moja tu.

Chakula kilipopoa akavihamisha vile viwili. Nilipokwenda kumpelekea chupa mpya niliona alivyoandika: herufi za jina lake, tarehe ya siku hiyo, na namba nane. Nikajua. Hiyo ilikuwa tisa. Baada ya wiki nne viwili vikawa vitano, na juu ya chupa, nane. Mwezi uliofuata, kumi na nne, na juu ya chupa, nane. Mwezi mwingine arobaini, nane. Mwezi mwingine mia na kumi na mbili, chupa zimejaa kona yote ya rafu, na kila moja imeandikwa nane kwa mwandiko wake safi. Bwana Machibya hupita kwenye rafu akitazama namba, si tarehe, kwa sababu hajawahi kuwa na sababu ya kutomwamini Prudencia. Mimi nilibeba trei yangu, nikaweka chini, nikatoka. Kila mara nilikuwa na maneno mdomoni, na kila mara niliyameza, nikijisifu moyoni kwamba angalau safari hii nimekuwa mwema.

Sitaki kusema kwamba alijidanganya kabisa. Miche ilipofika kwenye banda la nailoni aliikagua kila asubuhi kwa macho makali. Mmoja alioukuta na jani lenye mabaka aliung'oa, na mmoja uliodumaa aliung'oa, na wengine kama hao, kumi na sita kwa jumla. Aliivunjavunja kwa mkono na kuitupa. Iliyobaki tisini na sita ilikuwa imenyooka, majani mapana, kijani safi. Nilisimama naye mlangoni mwa banda tukaitazama, na mimi mwenyewe niliamini kwamba ameshinda.

Mvua za Oktoba zilipoanza aliipakia kwenye kreti za mikate, akapanda nayo meli ya Bukoba, akiwa ameketi sakafuni kati ya kreti ili mtu asizikanyage. Muganyizi alimpokea na gari la kukodi. Walipanda siku mbili. Bi Josepha aliletewa kiti mlangoni, amefunikwa blanketi, akawa anaelekeza kwa kidole: huo karibu na ukuta, huo kichwani kwa baba yenu, hapo hapana, hapo palikuwa na mkahawa. Jioni alimwita binti yake akamshika mashavu. Prudencia aliponisimulia hilo alishindwa kumaliza, akaondoka.

Migomba ile ilikua. Kila simu ya Muganyizi ilikuwa ya kuongeza urefu: imefika magotini, imefika kifuani, imempita mama. Bi Josepha aliishi miezi tisa baada ya migomba kupandwa, na siku za mwisho walimtoa nje mchana kwa kuwa alitaka kusikia majani. Alifariki Julai. Kazini tulichanga, tukateua watu wanne wa kwenda msibani, nami nikiwamo, na Bwana Machibya mwenyewe.

Nilikiona hicho kibanja. Sijawahi kuipenda sana nchi ya watu, mimi ni wa mawe na ziwa, lakini pale nilielewa. Ukitoka barabarani unaingia kwenye kivuli, na ndani ya kivuli kuna nyumba iliyotandikwa nyasi sakafuni, na watu wameketi wanaongea polepole. Kaburi lilichimbwa kati ya migomba, na majani yalikuwa yanagusana juu yake. Mchungaji aliomba, tukaimba, tukatupa udongo. Prudencia alilia, lakini alilia kama mtu aliyelipa alichoahidi, na nikamwonea wivu.

Baada ya maziko majirani hawakuondoka. Kijiji kile kizima kilikuwa kimeng'oa migomba, na sasa walikuwa wamesimama katikati ya ndizi ya kwa Josepha, mashina yake yameshatoa machipukizi pembeni. Mzee mmoja, Kashaija, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yao, alimwendea Prudencia akamwomba chipukizi moja. Kwao jirani akikuomba chipukizi humnyimi, tena siku ya msiba. Mwingine akaomba, na mwingine. Bwana Machibya alikuwa amesimama karibu, akawaambia wale wazee kwa fahari kwamba miche hii imetoka maabara, haina ugonjwa, na alikuwa anasema kweli, ugonjwa haikuwa nao. Prudencia alinitazama mimi. Alinitazama kitambo kirefu, na mimi nikainama nikajifanya naifunga kanga yangu. Akachukua jembe akaanza kutoa. Nyumba kumi na saba zilichukua siku ile.

Mikungu ilianza kutoka Novemba. Muganyizi alipiga simu akiwa na furaha, kisha wiki mbili baadaye akapiga tena akiwa na sauti nyingine. Akatuma picha. Prudencia aliileta simu jikoni akaniwekea mbele. Mkungu ulikuwa na vichana vitatu vilivyojipinda, ndizi zake nyembamba kama penseli, nyingine zimepasuka zikiwa bado changa. Picha ya pili ilikuwa mgomba mwingine na mkungu uleule. Ya tatu hivyohivyo. Mabadiliko yalikuwa yameingia mapema, labda kwenye tisa, labda kwenye kumi, na kutoka pale kila nakala ilikuwa nakala ya kosa. Ile ya kweli, iliyokuja na bibi harusi miaka hamsini iliyopita, haikuwapo tena chupani, wala shambani, wala mahali popote.

Alisubiri mpaka Januari, akiomba Mungu angalau mgomba mmoja uzae sawa. Haukuwapo. Akaomba likizo, akaenda.

Alikata mwenyewe. Muganyizi alitaka kuleta vibarua, akakataa. Alianzia barabarani akaelekea nyumbani, tisini na sita, akiukata kila mgomba kisha akiling'oa shina lake, na siku ya tatu jioni ilibaki ile iliyozunguka kaburi. Muganyizi alimsihi aiache, aiache tu kama kivuli, nani atajua. Akamwambia itazaa machipukizi na watu watakuja kuomba. Akaikata nayo. Jua likapiga juu ya saruji ya mama yake, na pembeni majani ya nyasi yalikuwa yameshaanza kutokeza.

Halafu akaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia waliopanda wang'oe. Kwao kumdai mtu kitu ulichompa msibani ni aibu ambayo mimi Msukuma siwezi kuipima. Alipiga magoti kwenye kila mlango akasema kosa ni lake. Alinieleza kwamba hakuna aliyemgombeza. Walimkaribisha, wakamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni wa heshima, wakamwambia ndiyo hali ya dunia, kisha wakaingia shambani kung'oa. Alisema angalau mmoja angemtukana angepumua. Nyumba kumi na sita ziling'oa. Mzee Kashaija peke yake alikataa.

"Mwanangu, mama yako alikuwa anakaa pale mlangoni anauangalia mama wa mgomba huu," alimwambia. "Usipozaa basi, si wa kula huu. Niachie."

Prudencia akamwachia. Kila akipata likizo huenda kuyakata machipukizi yake ili yasisambae, na mzee hukaa kwenye kigoda akimtazama asije akaligusa lile shina kubwa.

Aliporudi Mwanza alimwandikia Bwana Machibya barua ya kurasa mbili, akieleza kila chupa na namba yake ya kweli. Kuhusu chakula aliandika kwamba alichanganya mwenyewe. Jina langu halimo. Bwana Machibya alimwita, wakakaa ndani muda mrefu, na walipotoka macho ya mzee yule yalikuwa mekundu kuliko ya Prudencia. Hakumfukuza. Prudencia mwenyewe ndiye aliyeomba asikae tena kwenye kabati. Sasa anaosha chupa. Wageni wanaopita wanadhani ni kibarua, na wale vijana wapya wanaokata leo, wanaopoteza ishirini katika mia, wanasema eti alishikwa akiuza miche ya kampuni, eti alipagawa na kifo cha mama. Nimeshawafokea wote, hawasikii.

Mimi nilikaa na yangu miezi minane. Wiki iliyopita nilishindwa. Nilimfuata kwenye sinki la kuoshea, tukiwa wawili tu, ameinamia chupa zake na glavu hadi kwenye viwiko. Nikamwambia, "Prudencia, zile chupa nilijua. Tangu ya tisa nilijua."

Hakugeuka. Alisuuza aliyokuwa nayo mkononi, akaipindua kwenye trei.

"Najua ulijua," akasema. "Kila ukiniletea chakula nilikuwa nasema moyoni, leo Mama Ngosha atanifokea. Ungenifokea hata mara moja, ningeacha."

Hakulisema kwa hasira. Akasogea kidogo kunipisha, nikaingiza mikono yangu kwenye maji yale bila glavu, tukaendelea kuosha.